Herufi Moja

Mtaani Mshomoroni mimi ni teja.
Dirishani, kwa Sista Nzilani, ni mteja.
Herufi moja tu, m,
midomo miwili ikikutana,
nami nimehama ngeli ya mawe na makopo
nikaingia kwenye watu.

Kikombe ni cha karatasi. Dawa, chungu
iliyofichwa ndani ya sharubati.
Ukishameza lazima useme neno,
wasikie kwamba hukuibana shavuni
ukaiuze nyuma ya ukuta.
Siku ya kwanza nilisema jina: Umazi.
Ya pili nilisema: njaa.
Siku ya arubaini nikasema: Kadzo wangu
kaingia gredi ya pili, anaandika mkono wa kushoto.
Sista akatia tiki. "Umemeza," akasema.

Ofisi zote nilizopitia,
hapakuwa na nyingine iliyotaka nifungue kinywa.

Jumanne wakaja watu wa ruzuku,
uwanja wa shule, Bombolulu, saa tatu kamili.
Fomu yao ilituita walengwa.
Mlengwa namjua: ni ndege
aliye mbele ya manati.
Jina la mume. Sina.
Nambari ya nyumba. Mlango wetu ni pazia.
Kitambulisho. Nilikiweka rehani kwa kete mbili
mwaka ambao hata kope zangu ningeziuza.
Umewahi kutumia mihadarati? Ndiyo. Hapana.
Kisanduku cha "nimeacha tangu mwezi wa nne"
hakikuchapishwa.

Dirisha hufungwa saa tano.
Saa nne na nusu foleni haijasonga,
na magoti yangu yakaanza kuuliza.
Aliyeijua arosto hahitaji saa ya mkononi:
miayo, kamasi, mifupa inayotaka kuhama
ikatafute mwili mwingine wa kupanga.
Nikamwambia Mwanahalima, nishikie nafasi.
Akasema, nafasi haishikwi, Umazi, si mtoto.

Nikakimbia, kanga mkononi.
Tuktuk ni hamsini, na hamsini ni unga.
Wa ugali. Nasema unga wa ugali,
msinitazame hivyo.

Nilifika dirisha limebaki upana wa kiganja.
Niliporudi, uwanjani kulikuwa na mbuzi wawili
na karatasi ukutani, ingali na gundi mbichi.
Kando ya jina langu: Hakuwepo.

Nilikuwepo.

Asubuhi yake nikapewa kikombe, nikameza.
"Sema," akasema Sista.
Nikasema: nyinyi na wale hamjuani?
Hamwezi kukaa meza moja, hata kwa chai,
mkasogeza saa,
mtu asichague Jumanne moja
baina ya chakula cha mwanawe na akili yake?

Kalamu ikasimama hewani.
Hilo si neno. Hilo halina mstari daftarini.
Nyuma yangu watu wakakohoa, foleni ndefu.
Akatia tiki.
"Umemeza," akasema, taratibu,
nami nikaona koo lake likipanda na kushuka.