Miguu ya Mafua

Usiku wa tatu wa mafua, Bihawana,
upepo wa kipupwe unapekua bati
na miguu yangu haijalala.
Si maumivu, Ndahani. Ni siafu
wamepata njia ndani ya mfupa,
wanahama na mayai yao.

Siku zote nawakanyagia sakafuni, wanatulia.
Ila homa ikiingia huwaita na ndugu zao,
na kile kidonge cha njano cha dukani kwa Chibago,
cha kukausha pua,
kimekausha pua
kikawaongeza mbio.

Lala wewe, kesho una zamu ya bomba.
Mimi nazunguka ua, peku,
vumbi baridi lanipoza nyayo.
Napiga chafya, mbwa anajibu.
Tangu saa saba nimefika Mpunguzi
na kurudi,
bila kufungua lango.