Ndani ya Mabano

Sechelela, umenipigia usiku ukinong'ona kama mwizi wa kuku:
"Mjomba, alizeti bado imo ndani ya mabano."
Nikakuuliza mabano ndiyo nini, ukacheka.
Ukasema neno wasilokubaliana hulizungushia uzio,
likalala humo hadi kesho, au hadi mwakani,
au hadi mtu achoke.

Hapa Kibaigwa uzio tunaujua: wa miiba, wa kuzuia mbuzi.
Sijapata kuona uzio wa kuzuia neno.

Asubuhi nimewasha kinu. Umeme ulikuwepo, nashukuru.
Magunia manne tu, ya Lameki Chidawali,
aliyoyakalia tangu Juni akingoja bei ipande.
Bei haikupanda. Aliyepanda ni yeye,
baiskeli, gunia mojamoja, safari nne,
na vumbi jekundu likimfuata kama mdai.

Kinu kikakohoa. Mafuta yakatoka,
ya kwanza meusi kidogo, kisha yakatakata.
Lameki akachovya kidole, akalamba,
akaniuliza swali ninalokutumia wewe uliye mezani:
"Haya ya meli waliyakamua kwa mashine gani,
hata yavuke bahari, yalipe bandari, yalipe lori,
yafike hapa yakiwa rahisi kuliko yangu
yaliyovuka korongo moja?"

Nilipangusa mikono.

Unasema wageni wana hoja. Najua wanazo,
mtu hatoki kwao mikono mitupu.
Watasema soko ni soko, mwenye nguvu apande ngazi
(hawatasema ngazi yao aliwashikia nani,
serikali gani ilisimama chini ikiwalipia mbolea).
Watasema ushuru wenu unamwumiza maskini.
Na hapo, mwanangu, usiwabishie haraka.

Maana huyo maskini ni Perusi, mke wangu.
Kila alfajiri anakaanga maandazi kwenye maegesho ya malori,
na mafuta anayokaangia si yangu.
Ni ya dumu la njano, yanayoganda kwa baridi ya Julai.
Nilipolifumania nyuma ya pipa la maji
nilinuna siku mbili, mimi mwenye kinu!
Akanipangia njiti za kiberiti juu ya meza:
hizi unga, hizi sukari, hizi mkaa,
hii moja iliyobaki ndiyo faida.
"Nikinunua kwako," akasema, "hii naichoma."

Basi waambie na hilo. Usilifiche.
Andika kwamba iko nyumba Kibaigwa
yenye meza ya pande mbili kama hiyo yenu,
na bado tunalala kitanda kimoja.

Lakini andika na ule mwaka meli zilipochelewa,
dumu la njano likapotea madukani,
Perusi akaja kinuni na chupa tupu, macho chini.
Nilikuwa na mafuta kwa sababu Lameki alikuwa na shamba.
Shamba si bomba, Sechelela,
ulifunge leo, ulifungue ukishikwa na kiu.

Umenifundisha na neno jingine: bidhaa nyeti.
Perusi alicheka mpaka akashika mlango.
Kwetu nyeti ni kitu cha kufunikwa kanga.
Mimi naona limekaa sawasawa.
Ifunikeni. Si milele. Miaka kadhaa tu,
mbegu bora zifike, kinu kipate chujio,
na huo ushuru usipotelee ofisini, ununue hizo mbegu.
Tukishindwa baada ya hapo, tutakuwa tumeshindwa wenyewe.

Nakutumia chupa moja kwa basi la saa nne,
utingo anaitwa Mbeleje, mwulizie kwa jina.
Usiwape hotuba.
Iweke mezani karibu na maji yao ya kunywa.
Kifuniko chake hakikazi vizuri.
Ikivuja juu ya makaratasi,
juu ya hayo mabano,
usikimbilie kitambaa.