Asilimia Tisa

Simu ilikuwa na asilimia tisa
nilipofika Kadutu, moshi umeshapanda
hadi usawa wa msalaba wa kanisa,
na kioo changu, kilichopasuka tangu mitihani ya Februari,
kiliikata kila nyumba vipande viwili
kabla moto haujaifikia.

Darasani, msaidizi Bashizi alitufundisha:
ishikeni simu kwa kuilaza, pumueni polepole,
nani, wapi, lini, kwa nini.
Hakutufundisha la kufanya
mama akikukazia macho, ndoo mkono huu na huu,
akuulize: "We mutoto, unatupiga picha ao unatusaidia?"

Nikaitia simu ndani ya soksi.
Sijui nilibeba ndoo ngapi.
Maji ya mto Kawa yalinuka kama yanavyonuka siku zote
na usiku ule hakuna aliyeyalaumu.

Saa tano, moto umebaki kunong'ona chini ya mabati,
nikaitoa. Asilimia sita.
Magrupu yote yananguruma:
watu arobaini wamekufa Kadutu, sambaza, sambaza.
Na picha: ndimi za moto, watoto wanakimbia,
na nyuma yao mnazi.

Mnazi!
Nimezaliwa mita mia mbili kutoka hapa.
Tuna mikaratusi, tuna migomba inayong'ang'ania genge,
tuna mparachichi mmoja wa kugombaniwa.
Mnazi haujawahi kuupanda mlima huu
hata kwa kukodiwa pikipiki.

Basi nikahesabu kwa miguu,
mlango kwa mlango, au pale mlango ulipokuwa.
Nyumba kumi na moja.
Cherehani tatu. Mashine ya kusaga mihogo. Mbuzi mwenye mimba.
Watu: niliuliza mara mbili, mara tatu,
kila familia iwahesabu watoto wake kwa kuwagusa vichwa.
Mushamuka, wa miaka sita, alikosekana saa nzima;
tulimkuta chini ya meza ya muuza mikate,
kiatu kimoja, anakoroma.

Nilipotaka kurekodi sauti ya mwenye cherehani
simu ikagoma: nafasi imejaa.
Nikafuta video ya dada yangu akicheza siku ya posa yake.
(Bado hajui. Nitamwambia.)

Zihindula, muuza chaji, hakuniomba faranka zake mia tano.
Saa kumi alfajiri gazeti letu la chuo,
yaani sisi wanne na ukurasa mmoja wa simu,
likasema: nyumba kumi na moja. Waliokufa: hakuna, ila mbuzi.

Waliosoma ni thelathini na wawili,
nusu yao binamu zangu.
Ule mnazi ulikuwa umeshavuka ziwa,
umefika Idjwi, umefika Goma,
na shangazi yangu wa Uvira alinipigia akinililia mimi,
mimi niliyepokea simu.

Wiki nzima nilijiona
mtu anayepiga mluzi kwenye mvua ya mawe.

Kisha Jumanne, mlangoni mwa ukumbi wa masomo,
mwanamke mwenye kitambaa cha kijani, bandeji kiganjani:
"Ni wewe uliandika?"
Nikaitika, tumbo likinishuka.
"Uliandika mashine ni ya bwana yangu.
Mashine ni yangu. Niliinunua na likelemba,
miaka mbili, kila posho. Tengeneza."

Tukakaa kwenye ngazi.
Nikaufungua ukurasa mbele yake
naye akaisimamia kila herufi kama anayepimiwa unga,
hata ile alama ndogo baada ya M,
mpaka jina likakaa:
Nabintu M'Bisimwa, mwenye mashine.

"Soma tena."
Nikasoma.
Akanyamaza kidogo, akafuta vumbi kwenye kioo changu
kwa kidole kisicho na bandeji.
"Sasa bei ya mota mupya," akasema,
"hiyo utaandika lini?"