Honi ya Saa Tisa Usiku

Mashine ya kusaga ya Isevya ikianza
hunimwagia damu ya mzee mpaka kwenye kope.
Mvua ya kwanza juu ya bati: manjano,
si manjano ya bizari, ni ile ya kiini cha yai
la kuku wa kienyeji aliyekula kumbikumbi.
Mlango wa choo cha jirani, nisameheni,
una samawati nzuri kuliko kanga yoyote.

Nilidhani watu wote husikia hivyo.
Nina miaka saba nikasema darasani:
"Mwalimu, sita yako leo imechujuka, una mafua?"
Akanichapa. Fimbo ikalia nyeupe pee,
tena nzuri. Hilo ndilo lililoniliza.

Mama akanipeleka Kitete.
Daktari akachungulia sikio, akachungulia jicho,
akaandika kitu, akakifuta.
"Mzima," akasema,
na neno lake lilikuwa chai iliyosahauliwa mezani
ikafanya utando.

Ni kaka yangu Msaka tu aliyenielewa,
maana naye alikuwa nayo.
Hapo ndipo ugomvi ulipoanza.
Honi ya treni ya Kigoma, saa tisa usiku.
Mimi: zambarau, iliyoiva ikapasuka.
Yeye: kijani, we kiziwi! Kijani cha tumbaku
kabla haijaingia bani.
Tukapigana ndani ya chandarua, tukang'atana,
hadi baba akagonga ukuta,
tukanyamaza, tukanong'ona kwa pamoja:
"Kutu."

Lugha yangu huazima rangi jikoni na shambani,
majivu, majani, bizari, damu,
lakini ikifika kwenye sauti ya Msaka
vyungu vinaisha.
Inua sega la asali juani, tazama ukingoni,
pale ambapo si asali tena na bado si mwanga.
Karibu na hapo.
Sikumwambia. Mtu anamwambiaje kaka yake jambo kama hilo?

Siku hizi yuko Mpanda, anapima mizigo stesheni.
Hupiga Jumapili. Simu huichuja sauti yake,
huniletea kitenge kilichofuliwa mara mia.
"Bado kijani?" nauliza.
"Bado zambarau?" anajibu.
Kisha salio linakatika,
na ule mlio, tii, tii, tii,
nilimuuliza kwa meseji wiki iliyopita,
kwake ni pinki.

Kwangu pia.
Hatujaligusa tena jambo hilo.