Kanda ya Pili

Verna ana kanda tatu za mchezo mmoja,
na theluji ya Duluth imeziba mlango.

Ya kwanza haina rangi. Mshale ni wa mbao,
unasukumwa na kijana aliyejificha nyuma ya ubao;
viatu vyake vinaonekana.
Zawadi ni friji. Watu wazima wanalilia friji.

Ya pili ni ya themanini na tatu:
taa kama za harusi, mtangazaji ana meno mengi kuliko maswali.
Hapo ndipo anapoingia Arvid, tai imempinda,
anaulizwa ni mto gani unaokata Budapest.
Anaujua. Verna anajua kwamba anaujua;
wakivua samaki walishindana kutaja mito.
Kengele inautangulia ulimi.

Ya tatu ni ya jana usiku. Mshale ni mwanga tu,
nyuma yake hakuna mtu, hakuna viatu,
na kengele imekuwa mlio wa simu.
Mjukuu anasema hii ndiyo bora, ina kasi.
Huenda.

Verna anairudisha ya pili,
anaisimamisha picha, mkono wa Arvid ukiwa hewani,
anamnong'oneza kama anayemlisha mgonjwa:
Danubi.
Sema, mume wangu. Muda upo.