Kipindi cha Saba: Papa Mkavu

Wijdan amemchora mchawi wa Bahla
kavaa aproni ya maua.
Macho kampa makubwa kama visahani vya kahawa,
na katika kila jicho nyota tatu,
maana ndivyo wachorwavyo, aniambia, katuni za Kijapani,
mtu akionja kitu kikamkolea.
"Mama, usicheke kwanza. Tazama."

Natazama. Ni yule yule
tuliyetishwa naye tukikataa kulala,
aliyefukua watu kaburi lingali bichi,
akawalisha majani, wakasahau majina yao,
wakamchungia mbuzi, kisha wakawa mbuzi.
Sasa ana nyumba ya kupanga nyuma ya ukuta wa udongo,
jiko la gesi la mafiga manne, moja bovu,
na mume, karani wa baladia,
ambaye kila jioni akivua kofia
hujikuna kipaji pande mbili, pale pale,
asijue kwa nini panamwasha.
Mkewe anajua.
Anamenya vitunguu.

Na fisi aliyekuwa kipando chake
hulala chini ya meza, akingoja mifupa.

Kipindi cha kwanza ni harisi.
Cha pili, wali na ndimu kavu.
Kila kipindi mbuzi mmoja hubisha hodi kwa kwato,
huketishwa mkekani, hupewa kijiko,
na tonge la tatu likishuka
hukohoa, akatema jina lake.

Nikamwuliza, "Mbona umemfanya mwema?"
"Si mwema. Amechoka tu.
Anataka mtu amwambie kama chumvi imetosha."

Halafu akafungua cha saba.
Dirisha. Ndoo ya kijani yenye mpini wa kamba.
Papa mkavu amelowekwa tangu alfajiri,
nazi mbili zilizosafiri kwenye sanduku la nguo,
na yule mchawi, leso kiunoni,
anakoroga huku midomo inacheza.
Majirani wanafunga madirisha.

Ndoo ile naijua.
Mpini ule nimeufunga mimi.

Mwaka tuliohamia Bahla kutoka Unguja
mama yangu alisimama jikoni siku ya pili tu
akapika mchuzi, akaunong'oneza.
Mke wa jirani akasikia ukutani
maneno yasiyo Kiarabu,
na harufu isiyo na jina kwao.
Kabla ya alasiri mtaa mzima ulishajua:
mke wa Nasoro anasema na watu wake.
Watoto wao hawakuja tena kucheza uani.
Sahani tulizopeleka zilirudi zimeoshwa,
chakula wamekula kuku.

Miaka kumi na mmoja mama alipika kimya.
Hata sisi alituita kwa kugonga mwiko.

Sikumsimulia Wijdan. Wallahi sikumsimulia.
"Bibi mwenyewe," asema, "kule hospitali ya Nizwa,
siku zile alizokuwa akiniita Thuweiba,
jina la dada yake.
Nilimpelekea mchuzi. Tonge la tatu akaniuliza,
wewe si Wijdan? Mbona umekonda?
Kisha akasahau tena."

Feni inazunguka. Chai imepoa.
Kwenye kioo mchawi ameinua mwiko,
na juu ya kichwa chake kiputo cheupe, kitupu.

"Hapa ndipo nilipokwama, mama.
Alikuwa anasema nini
wakati anakoroga?"

Nikacheka mpaka nikashika ubavu, kisha sikucheka.
Uganga wote ule! Mtaa mzima na ubani wao!
Alikuwa anaogopa tui.
Ukiacha kulikoroga linakatika,
na nazi mbili ndizo hizo, hakuna ya tatu.
*Lisikatike,* alikuwa akiliambia,
*lisikatike, lisikatike,*
kama mtu anayembembeleza mtoto wa wenyewe.

Wijdan akanipa kalamu yake isiyo na wino.
Inateleza kiooni kama kisu juu ya samli.
Nikaandika ndani ya kiputo, mkono unanitetema,
nikaruka herufi moja.

Hakuisahihisha.