Presha ya Asubuhi

Gocha ameuza jenereta ya marehemu babake
akanunua ringi nne, inchi kumi na nane,
nyeusi, za mikono mitano, zilizong'olewa Ujerumani
kwenye gari lililobamizwa ubavu.
Kaniletea karakanani, hapa Rustavi, zimefungwa mablanketi,
akazishusha moja moja kama atakayeziamsha.

Nimezivika mpira. Mwembamba, mwembamba kweli:
kati ya chuma na barabara
mmebaki vidole vinne vya mkono wangu,
na mkono wangu si mnene.

"Sasa upepo, Tsiala. Tutie ngapi?"
Shemeji yake kasema tatu na nusu, gari likakamae kama la mashindano.
Jirani kasema moja nukta nane, liwe godoro.
Kibandiko cha mlangoni, kimepauka, kinasema mbili nukta mbili,
ila kibandiko kinasema na matairi yaliyokwisha ondoka,
kama bili ya maji inayomfuata mpangaji aliyehama.

Nikamuuliza: nyuma hukaa nani?
Hakuna mtu, akacheka.
Lakini kiti cha nyuma kimebonyea upande wa kulia,
na chini yake soksi moja ya sufu, ya kijivu.
Nikamuuliza tena.

Mama. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa.
Figo. Tbilisi kwenda, Tbilisi kurudi.

Sikumuuliza basi ringi hizi za nini.
Mtu anayekaa saa nne nje ya wodi, mara tatu kwa wiki,
na awe na kitu kinachong'aa cha kukitazama dirishani.

Sikiliza, nikamwambia. Mpira ni gunia tu;
mbebaji ni hewa.
Gunia lako la zamani lilikuwa na tumbo.
Hili halina, na uzito wenu ni uleule,
kwa hiyo pumzi iliyomo haina budi kusukuma zaidi.
Nikafungua jedwali lenye madoa ya grisi,
kidole kikashuka safu kwa safu, kilo kwa kilo:
mbili nukta tano.
Ukifuata shemeji, utalika mgongo wa tairi na meno ya mama.
Ukifuata jirani, shimo moja la Gardabani
litakukunjia ringi kama kijiko cha bati.
Njoo kesho, gari lingali baridi.

Akaja saa moja kasoro, kutoka mtaa wa pili,
umande umeganda juu ya boneti.
Nyuma, Natela, kajifunika koti, kanuna.
"Unapima nini wewe?"
Presha, mama.
"Kabla ya chai?"
Kabla ya chai.
"Kabla halijatembea?"
Halijatembea, hatua chache tu.
Akatoa mkono dirishani, kakunja na mkono wa sweta.
"Basi anza na mimi. Wale hunipima nimepanda ngazi tatu,
kisha wanaulizana kwa nini imepanda."

Nikapiga mstari wa chaki juu ya kila tairi,
ukingo hadi ukingo. Nendeni hadi darajani, mrudi.

Wakarudi. Mbele, chaki imefifia sawasawa.
Nyuma kulia, pale chini ya Natela,
kingo zimefutika, katikati bado nyeupe pee:
tairi limelegea, linakanyaga kwa mabega.
Nikaongeza kidogo, ikawa mbili nukta sita.
Na kushoto pia; ekseli haitaki upendeleo.
Juu ya kibandiko nikaandika tarakimu mpya
kwa mwandiko wangu mbovu.

"Mashimo kumi na saba," akasema Natela.
"Kwa yale matairi ya zamani nilikuwa nahesabu kumi na moja."

Gocha akainama, akajifanya anafunga kamba za viatu.
Jua lilikuwa limefika kwenye ringi ya mbele.

Natela akaitazama. Akaitazama tena.
Akapandisha kioo, kisha akakishusha nusu:
"Uzioshe kabla ya Ijumaa. Wauguzi watatuona."